Minazi Yangu ya Mahari

Mtopanga, Kisauni
Mwezi wa Shaabani

Mama yangu,

Kabla sijafungua kifua, nabusu mkono wako na mkono wa Baba, na namwomba Mungu barua hii iwakute mmeamka salama, goti lako limepoa na Baba kile kikohozi kimemwacha. Mimi na watoto tu wazima wa mwili. Habari za moyo usiniulize bado, utazisoma humu humu. Omari ndugu yangu, wewe ndiye utakayemsomea Mama. Soma pole pole, na pale nilipokasirika usinilainishie.

Barua yako nimeipata. Wasema umesikia kwa watu waliotoka huku kwamba nimemfokea shemeji yangu Nassor mbele za watu, na waniamuru nikamwombe radhi kwa kuwa ni mkubwa wa mume wangu Salim. Mama, ni kweli nimemfokea. Hao waliokuletea habari hawakuongeza kitu, labda wamepunguza. Lakini radhi siombi. Nisikilize kwanza, kisha useme mwenyewe.

Mahari yangu unaikumbuka. Salim siku ile hakuwa na kitu isipokuwa minazi kumi na tisa, fungu lake katika shamba la marehemu baba yao. Ardhi ikabaki ya ndugu wote, hati akaishika Nassor, na minazi ikawa yangu. Baba alikuja kutoka huko Siu, akapita akiigusa mmoja mmoja kwa kiganja mbele ya mashahidi, akisema, "Huu wa mwanangu. Na huu wa mwanangu." Na huku kwetu pwani nani asiyejua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu, na mti uliosimama juu yake ukawa wa yule? Hata mtoto anajua.

Chini ya minazi hiyo nikafuga ng'ombe kama mnavyofuga huko nyumbani. Leo nawafunga mstari huu, kesho mstari ule, na miche nimeizungushia miiba wasiitafune. Kivuli cha mnazi si kizito, jua lapita kidogo, kwa hiyo nyasi humea vizuri chini yake. Ng'ombe wanakula kwekwe, sihitaji mtu wa kufyeka. Samadi yaangukia mizizini. Nazi zilizokuwa kama ngumi zikawa kubwa mpaka mkwezi akaniuliza naipa nini minazi yangu. Nikamwambia, naipa ng'ombe.

Sasa msikie Nassor. Mwaka jana alikwenda bara kutembea, akaonyeshwa shamba la maziwa la mzungu mmoja. Uwanja mtupu wa majani, ng'ombe wamenona, hakuna mti hata wa kukatia mswaki. Akarudi hashikiki, haambiliki. Eti miti na ng'ombe ni ushamba, maziwa ya kisasa yataka uwanja safi. Akaikata minazi yake yote upande wa pili, akapanda majani ya mbegu, akaleta ng'ombe watatu wa gredi, wa mbegu ya kizungu. Huko bara watu hulala na mablanketi mawili, Mama! Hapa ni Kisauni. Nilimwambia, akanijibu kwamba mimi nimesoma chuo cha Kurani tu na sijafika popote.

Masika majani yake yalistawi, sikatai. Alikuwa akipita na wageni wake, akinyoosha kidole upande wangu na kucheka. Kisha kaskazi ikaingia. Uwanja wake ukakauka, ukawa mweupe, na wale ng'ombe wakubwa wakasimama juani mchana kutwa, ulimi nje, wanahema. Maziwa yakawakatika. Huku kwangu chini ya minazi nyasi bado ilikuwa kijani, na ng'ombe wangu wamelala wanacheua. Wateja wake wakaanza kuja mlangoni kwangu, na Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi, kila nyumba yataka maziwa ya futari.

Mtu mwenye haya angeniuliza, shemeji, wewe wafanyaje? Yeye akasema mizizi ya minazi yangu inakunywa maji ya majani yake. Wallahi alisema hivyo barazani, mbele ya wazee waliokuwa wakibishana habari za uhuru, na kama mwambao ujitenge na bara. Mimi nikacheka. Kucheka kule najuta mpaka leo, maana nilidhani ni upuuzi utakaopita.

Baada ya hapo tukapata msiba huko Bofu, shangazi yao Salim, Mungu amrehemu. Nikavuka feri ya Likoni nikakaa siku tatu za matanga, napika na kuosha vyombo pamoja na wenzangu. Salim alizika akarudi, eti ng'ombe hawana mtu. Siku ya nne nikarejea alasiri, nina njaa ya njiani. Wifi yangu Zuhura, dada yao, akanipakulia wali, na pembeni akaniwekea kachumbari nyeupe ya ndimu na pilipili. Nikala. Tamu, laini, yavunjika mdomoni. Nikala tena. Nilipokuwa natafuna tonge la tatu ndipo ulimi ukanieleza ni kitu gani.

"Zuhura," nikamwambia, "hili ni shaha?"

"Ni shaha, wifi. Lipo jingi, kula."

Jingi! Mama, wewe wajua. Shaha ni moyo wa mnazi, halipatikani ila mnazi umeangushwa. Mmoja hautoi shaha la kusema lipo jingi.

"Limetoka mnazi wa nani?"

Zuhura akaangalia mlango. Nikaacha sahani pale pale, nikatoka bila viatu.

Mitano. Mstari mzima wa upande wa kisima, umelala chini na makuti yake, na visiki vinatoka maji. Ng'ombe wangu walikuwa wamefungwa mstari huo huo, zamu yao ya siku hiyo, nao wamesimama juani kama wale wa Nassor. Nilitapika, Mama. Mahari yangu niliila kwa wali.

Salim nilimkuta zizini. Nikamwuliza nani amekata. Akasema amekata fundi mmoja Mgiriama, jina lake Kazungu, aliyeletwa na kaka. Nikamwuliza, na wewe ulikuwa wapi? Akachukua ndoo akatoka. Zuhura ndiye aliyenieleza baadaye: mnazi ukikatwa lazima mtu ashike kamba uangukie upande unaotakiwa, na aliyeshika kamba, mitano yote, ni mume wangu. "Kaka alisema tujaribu mitano tu," ndilo neno Salim alilokuwa nalo. Sikulala naye chumba kimoja usiku ule, na nyusiku zote tangu ule.

Asubuhi Nassor akaja tena na Kazungu na shoka lake, waje wamalize kumi na minne iliyobaki. Nikasimama shambani. Majirani wakaanza kukusanyika. Kazungu ni mtu mzima, mpole. Akaniona nilivyosimama, akaliweka shoka begani, akauliza, "Minazi hii ni ya nani?"

Nassor akasema, "Ardhi yangu hii, hati ninayo."

"Sikuuliza ardhi, bwana. Nimeuliza minazi. Mimi sikati mti bila kuambiwa mwenyewe ni nani. Juzi niliuliza, na huyu bwana akaniambia ni yake." Akamwonyesha Salim.

Yake! Kumbe aliulizwa. Aliulizwa kwa adabu, na mimi niko msibani kwa shangazi yake nasugua masufuria, akajibu, "Yangu."

Kazungu akamgeukia. "Nakuuliza tena, bwana. Ya nani?"

Salim akanitazama, akamtazama kaka yake, akatazama chini. Akasema, "Ya mke wangu. Ni mahari yake."

Basi Kazungu alikasirika kunishinda mimi. Akamwambia, "Umenifanya mwizi, na umri wangu huu." Akanitaka radhi, yeye asiye na kosa, akashika njia yake na shoka lake.

Nassor hakukubali. Akaanza kunihubiria juu ya maendeleo, amesimama palepale juani jasho lamtiririka. Nyuma yake ng'ombe wake watatu wakavunja uzio, wakampita, wakaingia chini ya minazi yangu wakalala. Hapo ndipo nikamfokea. Nilimwambia, "Shemeji, ng'ombe wako wana akili kukupita wewe." Watu wakaangua kicheko, na neno hilo ndilo lililokufikia huko Siu. Waniambia nikaombe radhi kwa neno la kweli? Sitaki. Ng'ombe wake niliwaacha kivulini mpaka jua lilipopungua, maana wao hawakunikosea.

Salim sasa ananifuata nyuma nyumba nzima. Ananitekea maji, anakama kabla sijaamka, anataka nimwambie yamekwisha. Hayajakwisha. Nilipokuwa nimesimama mbele yake minazi ilikuwa "ya mke wangu." Nilipokuwa sipo ilikuwa "yangu."

Nisalimie bibi yangu mzaa Baba, umwambie nimepata ule ubani. Nisalimie mke wa Omari na mtoto wao mchanga nisiyemwona bado. Nisalimie jirani yetu mwalimu wa chuo, mwambie herufi zake zinanifaa.

Na Baba msalimie sana, umwombe anitumie nazi tano za mbegu. Salim atachimba mashimo mwenyewe, kando ya vile visiki, atapanda na kumwagilia kwa mkono wake. Nimemwambia siku mnazi wa tano utakapozaa, ndipo aniulize kama nimemsamehe. Kwa hiyo Baba asihangaike kutafuta mbegu za mnazi unaowahi kuzaa. Atafute za ule unaochelewa.

Ni mimi mwanao mwenye hasira zangu,
Mwanaisha