Sijaweka Mchanga

Ijumaa, 5 Desemba 2025

Cheruto alikufa mwezi wa tatu. Bibi yangu, mama ya mtoto wetu Cherop. Asubuhi alikuwa anafua nguo, jioni hayuko. Hospitali walisema ni damu kwa kichwa. Mimi nilikuwa hapa Doha, namwaga simiti ya slab. Niliomba ruhusa, kampuni ikakataa. Kazi imechelewa, hakuna mtu kutoka. Akazikwa bila mimi.

Leo wamenipa ruhusa. Ya nini? Harusi! Ya Naftaly, rafiki yangu. Nilimuuliza foreman tena kama amenisikia vizuri. Akacheka, akanipiga bega, akasema harusi ni kitu mzuri, enda. Ya kufa walikataa. Ya kuoa wamekubali. Hii dunia siielewi.

Zamani siku kama leo ningemtumia Cheruto voice note. Sasa nimtumie nani? Ndio naandika.

Jumapili, 7 Desemba

Group ya WhatsApp. Mwezi wa tatu iliitwa "Mazishi ya Mama Cherop". Nimefungua leo — jina imebadilishwa. "Harusi ya Naftaly na Jebet". Watu ni wale wale. Mwenyekiti ni yule yule. Hawakuona haja ya kufungua ingine. Wametoa picha ya Cheruto, wakaweka ya dada yake.

Jebet ndio dada yake mdogo. Ndio anaolewa. Walijuana na Naftaly wakipanga mazishi. Naftaly alitafuta gari ya mwili, Jebet alikuwa kwa upande wa chakula. Nimeambiwa tu. Sikuwa.

Sina hasira. Ama niko nayo? Ukipanda juu kwa hiyo group unapata jeneza. Ukishuka unapata rangi ya magauni. Katikati kuna mtu ameandika "Amen", na sijui hiyo ni ya gani.

Jumanne, 9 Desemba. Free Area.

Nimefika. Naftaly alikuja na pickup yake ya kubeba tiles. Ako na duka ya tiles sai hapa mtaani, Free Area, na inaenda. "Mwarabu! Kuja hapa!" Akanishika shingo. Akacheka, akalia, akacheka tena. Amenona.

Huyu tulichimba na yeye Kariandusi tukiwa vijana, yale mawe meupe. Jioni unatoka kama mtu amemwagikiwa na gunia ya unga. Wasichana wakituona wanakimbia. Cheruto tu ndio hakukimbia.

Na huyu Naftaly ndio aliweka mchanga kwa kaburi ya Cheruto mahali pangu. Kwetu bwana ndio huanza. Bwana hakuwa. Mama mkwe akamwangalia Naftaly akamwambia wewe ni rafiki yake, weka. Akaweka. Iko kwa video. Sijawahi maliza kuiangalia.

Kwa barabara mama wa mboga akanishika mikono yote. "Pole sana baba Cherop. Na hongera na harusi!" Pumzi moja! Nikasema asante. Asante ya nini?

Cherop anaishi na Jebet tangu mama yake aende. Nilimwacha akiwa mdogo sana. Aliniangalia kama mtu amekuja kusoma meter ya stima. Akajificha nyuma ya kiti, akamuuliza Jebet:

— Huyu ndio yule wa kwa simu?

Nikasema ndio. Mimi ndio yule wa kwa simu.

Halafu kalamu ikamwangukia chini ya meza. Akasema, "Dadi, nitolee." Nikainama. Lakini alikuwa anaambia Naftaly. Naftaly akaniangalia haraka. Mimi nikaangalia chai.

Jumatano, 10 Desemba

Nilikuwa napimwa suti. Mimi ndio bestman. Fundi ako na pini kwa mdomo, Naftaly ananitania ati matako yameisha huko kwa joto, suruali haina kazi. Tunacheka. Mama mkwe akaingia.

Mama Chepkosgei hajabadilika. Mkono hakunipatia. Alisimama mlangoni.

— Baba Cherop. Umefika kwako?

— Bado, mama.

— Umefika kwa bibi yako?

— Bado.

Kwangu ni Kariandusi, hata si mbali. Fundi alitoa pini kwa mdomo. Mama akasema mwenye hajaweka mchanga bado ako matanga. Na mtu wa matanga hawezi simama mbele ya watu akisimamia harusi ya Jebet, mtoto wake yeye mama.

Naftaly akasema, "Lakini mama, si mimi nilimwekea?"

— Wewe ulishikilia tu. Sasa mwenyewe amerudi.

Akaenda. Hata chai hakukunywa.

Naftaly anasema wazee wako na mambo mingi, nisijali. Lakini yeye mwenyewe hakucheka tena.

Alhamisi, 11 Desemba

Nilisema nitaenda leo. Sikuenda. Nilinunua viatu. Nikazirudisha, zilikuwa ndogo. Nikanunua zingine.

Naftaly ameniambia pole pole: nikishindwa, cousin yake Kabiru anaweza simama. Si lazima. Atanielewa.

Nimemwambia nitasimama. Nilitoka huko yote nije kusimama.

Lakini naogopa hiyo nyumba. Hiyo ndio ukweli. Nikiwa Doha Cheruto ni kama ako nyumbani, ni simu tu haishiki. Nikifika Kariandusi atakuwa amekufa.

Ijumaa, 12 Desemba

Wanawake wanamenya viazi tangu asubuhi. Tent imeletwa. Nikaijua! Ile ya bluu iko na kiraka, niliiona kwa video ya mazishi. Nikauliza kijana wa tent kama hawana ingine. Akasema, "Mzee, hii ndio haivuji."

Jebet alinitoa kando, mikono iko na maganda.

— Shem, nikuulize. Cherop sasa atakaa wapi?

Nikasema tutaona.

— Usiniambie tutaona. Kesho naolewa. Januari shule zinafunguliwa. Naftaly anampenda, mimi ni mama yake mdogo, hatutamnyima kitu. Lakini anamuita Dadi na wewe uko hai! Mimi nimechanganyikiwa. Ukisema akae, atakaa na atakuwa wetu. Ukisema ni wako, basi sema atakuwa wako aje na wewe uko huko. Chagua. Si kwa ubaya, shem.

Si kwa ubaya, najua. Wakamuita akaonje chumvi.

Jioni Cherop alikaa karibu na mimi mara ya kwanza. Akashika vidole vyangu, akaangalia venye zimepasuka na simiti.

— Huko kwa simu kuna shule?

Nikasema iko.

— Kuna watoto?

Nikasema wako wengi.

Akacheka kidogo peke yake. Nilijibu tu yale aliuliza. Sikufikiria.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimeenda. Leo leo, asubuhi, siku yenyewe ya harusi. Nilivaa suti nikasimamisha boda. Jamaa akaniangalia na ua kwa kifua. "Boss, Kariandusi kuna harusi gani?" Nikamwambia endesha.

Nyasi imemea mpaka mlangoni. Nyumba sikufungua. Nikazunguka nyuma.

Tiles! Naftaly ameweka tiles kaburi lote. Nyeupe, ziko na maua ya bluu, zile za bafu. Msalaba pia. Hakuniambia, nafikiri alitaka nishangae. Ni kazi safi ya mtu ako na pesa na roho mzuri. Lakini mchanga nitaweka wapi? Juu ya tiles? Upepo uchukue?

Nilisimama hapo kama mjinga. Mwenye boda anapiga honi.

Halafu mikono ikafanya yenyewe. Nilianza kugonga tile moja moja na kidole, venye sisi hugonga kazi ya mtu kujua kama imeshika. Zote zimeshika. Ya kona, upande wa miguu, ikalia wazi. Chini yake hakukuwa na simiti ya kutosha. Nikapiga magoti. Nikatoa kifunguo cha nyumba, kile nimetembea nacho Doha yote, nikaingiza pembeni. Ikatoka mzima.

Chini kulikuwa na simiti kidogo imevunjika, na chini yake udongo wetu. Mweupe.

Nikachukua kwa mkono. Nikaweka. Nikasema, "Cheruto, nimefika." Nikasema nimechelewa. Nikaweka tena. Nililia na sauti, sikujua niko na hiyo sauti. Mwenye boda aliacha kupiga honi.

Nikarudisha tile. Bila simiti. Imekaa tu.

Jamaa akaniona akasema "Boss, suti!" Magoti nyeupe, mikono nyeupe. Nikapanguza, ikaenea zaidi. Akanibeba pole pole.

Kanisani wameshapanga mstari. Kabiru alikuwa amesimama mahali pangu, amevaa tai yake mwenyewe. Naftaly kuniona akamsukuma kando kama kuku. Nikapita mbele ya mama mkwe. Aliangalia magoti. Akaangalia mikono. Nilifikiri atanipatia leso nijipanguze. Akanyosha mkono akanisalimia, akashika sana. Vumbi ikabaki kwa kiganja chake, na hakuipanguza.

Nikasimama. Pete nilitoa bila kuangusha.

MC ni yule yule wa mazishi. Akasema sasa tupishe familia ya marehemu, halafu akashika mdomo. Jebet ndio alianza kucheka, na veil yake. Akacheka mpaka akalia, na watu wote wakacheka wakilia, na mimi pia. Sijui hiyo ilikuwa harusi ama ni matanga yangu ilikuwa imebaki.

Tulienda kupiga picha Milimani, penye kuna miti. Kwa zote niko na magoti nyeupe. Nikamwambia Naftaly:

— Tile moja imetoka.

— Ya wapi?

— Ya miguu.

Akaelewa. Akasema atatuma fundi Jumatatu. Nikamwambia usitume fundi. Akasema sawa, hatatumwa fundi. Akanishika kiuno, mpiga picha anapiga kelele tuangalie mbele.

Jumapili, 14 Desemba

Maharusi wametoka asubuhi, wanarudi Jumatano. Gari ya kunipeleka airport inakuja saa kumi.

Nilienda kuoga. Nimerudi, bag yangu haifungi venye niliifunga. Nikafungua. Viatu zangu za site zimetolewa, zimepangwa vizuri chini ya meza. Ndani kuna sweta ya Cherop. Gauni ya jana. Sahani yake ya plastiki na kijiko.

Mwenyewe ameingia, amevaa soksi na viatu, amechana nywele na maji. Akafunga zipu, akakalia bag.

Nikatoka nje kwa mama mkwe. Anaosha sufuria za harusi. Nikamuuliza kama ameona. Ameona. Nikamuuliza kama anaweza ongea na mtoto, amwambie siwezi enda na yeye.

— Mimi siongei. Mtoto alimwambia Jebet asubuhi ati anaenda na wewe, Jebet hakuongea, akasema si yake. Hii ni yako, baba Cherop. Mwenyewe ndio huweka.

Akarudi kwa sufuria.

Nimerudi ndani. Nimekaa kwa stuli nikachukua hii kitabu, nikasema wacha nimalize kuandika kwanza halafu nitaongea.

— Ndege iko na choo?

Nimemwambia iko.

— Dadi Naftaly atakuja kututembelea?

Anapiga bag na visigino, ananingojea. Boots ziko chini ya meza, bado ziko na simiti ya Doha. Sijui nianzie wapi. Gari inapiga honi kwa geti. Kesho narudi kazi.