Sinia Moja Huko Bofu

Dada Nekesa mpendwa,

Nakusalimu kutoka Likoni, ambako mtu hutoka jasho hata akiwa amekaa kitako.

Unajua kazi yangu ni kusimamia kituo ambacho hospitali mbili zinatafiti magonjwa ya tumbo kwa pamoja. Ushirikiano huo ulikuwa wa kwenye karatasi tu. Wakuu wa hospitali hizo, Daktari Mwakio na Daktari Salim, walikuwa wamenuniana tangu wagombanie friji ya sampuli ikae kwa nani, na mimi ndiye niliyebeba maneno huku na huku.

Leo tumekutana Bofu, mtaa wa hapa hapa Likoni. Nilikuwa nimeagiza kila mtu apakuliwe sahani yake, wasije wakakaribiana. Mama Riziki, mpishi wetu, akakataa katakata.

"Wallahi mwanangu, kwangu watu wa kazi moja hula pamoja," akasema, akaweka sinia la pilau katikati ya mkeka.

Wakala, kila mmoja upande wake. Kisha achari ya pilipili ikamzidi Daktari Mwakio, akashika kifua. Daktari Salim akatia mkono mfukoni, akampa kidonge cha kiungulia.

"Hata mimi hunisumbua," akamwambia.

Mabingwa wawili wa tumbo, dada. Nilijikaza nisicheke. Friji bado haijapata kwao, lakini nimewaacha wakizungumza bila mimi kukaa katikati.

Nikija nyumbani nakuletea sinia. Nikifika usipakue sahani, na kaka Barasa mwite, hata kama hamsemezani. Achari ninayo, na vidonge pia.

Mdogo wako akupendaye,
Nafula