Shiro Alimaliza Shule kwa Jumapili Moja

Ijumaa. Jua imewaka tangu asubuhi, hata mboga ya managu imelala kwa meza kama imechapwa.

Sasa nilikuwa nimefika wapi kabla mteja wa sukuma anikatize? Eeh, pale nilibonyeza simu ya Shiro.

Kama umeingia hapa leo, mimi ni Mama Shiro, nauza mboga hapa mtaa wa Landless, na hii blogi si yangu. Ni ya Shiro, msichana wangu, anaandikanga hapa mambo ya vitabu amesoma. Huyo mtoto husoma kila kitu, hata gazeti imefungiwa nyama. Mwezi wa kwanza akaenda boarding kule Ruiru, Grade Ten, mimi bado naita Form One. Simu huko haziruhusiwi. So akaniachia yake, na maandishi saba ziko tayari, moja ya kila Jumamosi mpaka half term. Akanionyesha mahali pa kubonyeza.

"Mum, moja moja. Na usiguse kitu ingine."

Jumamosi ya kwanza nikasahau, kulikuwa na ruracio, ile ya kupeleka mahari, ya mtu wetu. Jumapili nikitoka kanisa nikasema wacha nifanye hiyo kazi. Nikabonyeza. Sikuona kama imeenda. Nikabonyeza ile imefuata, na ile imefuata hiyo.

Zote saba.

Na kumbe huyu mtoto alikuwa amekaa chini akaandika vile high school itakuwa, kabla hata hajaingia. Wiki ya pili ashapata rafiki. Wiki ya tano ashazoea maji baridi. Wiki ya saba hataki hata kurudi nyumbani. Watu wakaona msichana ameripoti shule saa saba, na kufika saa nane ashaenda half term. Mmoja wa chuo hapo Juja akauliza hiyo shule iko wapi, na yeye ahamie.

Kufuta sikuwa najua. Nikasema nitaeleza hapa kwa blogi. Na mimi nikianza kueleza, mnanijua. Nilianza na makosa yangu, nikapitia plot yetu ya nyumba za kupanga, nikatokea kwa paka ya caretaker, ile inakula kwa nyumba tatu na kila nyumba inaiita jina tofauti. Watu wakapenda hiyo paka sana. Tangu hapo kila wiki wananiuliza paka imefika wapi, na mimi nawaambia.

Hakuna mtu ameuliza kitabu.

Hiyo ndio inanikwaruza leo, kwa sababu Shiro anakuja half term saa tisa, na hajui. Aliacha blogi ya vitabu, anarudi kupata blogi ya paka.

Na kuna ingine sijawaambia.

Jumapili ya tatu alinipigia kwa kabambe yangu, ile simu ndogo ya vitufe, akitumia simu ya matron. Dakika tatu tu. Akasema, "Mum, niko sawa," halafu nikasikia anavuta kamasi. Simu yake nilikuwa nayo hapo kwa hii mkono ingine, nikafungua ile ya wiki ya nne nikaanza kumsomea. Shule niliachia darasa la tano, so mimi husoma na kidole, neno moja, napumzika, neno lingine:

"Kitanda changu kiko karibu na dirisha. Nimemaliza vitabu viwili na hakuna mtu ameniuliza kwa nini nimenyamaza. Nilikuwa naogopa bure."

Akavuta kamasi tena.

"Mum, umesoma mpaka huko?"

"Nimesoma zote."

"Umesoma wewe?"

"Kwani nimesomewa na nani, paka?"

Akacheka. Halafu akauliza nimepost ngapi.

Nikamwambia tatu tu, mpaka ile ya hiyo wiki.

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema hivyo. Nafikiri ni kwa sababu alikuwa amecheka, na sikutaka iishe.

Mama Akinyi, jirani yangu, yule anakaanga samaki hapa kando, amenifundisha kufuta. Tangu asubuhi ananiambia, "Mama Shiro, futa zako zote mapema, utanyamaziwa half term yote." Kidole imekuwa hapo pa kufuta tangu saa tatu. Nafungua, nafunga, nauza sukuma, nafungua tena.

Lakini leo nimezisoma tena, zake saba na zangu zote, na nimeona kitu. Zake ziko na nafasi. Anasema kidogo, anaacha. Zangu hakuna mahali mtu anaweza kupumua. Nikakumbuka vile sisi hukaa kwa nyumba. Mimi naongea tangu chai mpaka kulala, yeye ako na kitabu. Nilikuwa nasema ni mpole, ametoka kwa babake. Sasa naona aliandika kwa sababu hapa kwa blogi ndio mahali alipata nafasi.

Sikuwahi kumwachia.

Na mimi nimeingia hata hapo, na paka.

So sifuti. Nitamwambia yote, hata ule uongo wa nimepost ngapi. Halafu nikae ninyamaze aongee yeye, aniambie Ruiru ilikuwa aje kwa ukweli. Ninaweza kunyamaza saa nzima? Sijui, sijawahi kujar—

Haya, Mama Akinyi ananiita kutoka kwa gate ya plot yetu. Anasema Shiro amefika zamani, amekalia sanduku yake pale kwa ngazi, amechukua simu ya Mama Akinyi na anasoma hii blogi. Namuuliza amekasirika? Anasema alikuwa amenuna kabisa, lakini saa hii amefika kwa paka na ameinama anacheka. Shiro anataka nimpelekee simu yake. Ati ile ya wiki ya pili, ya kupata rafiki, ni uongo, anataka kuiandika vizuri.

Mboga ikae hapo, naenda.