Koa Mweupe wa Mbweni

Alhamisi, 7 Mei 1936

Mwambani tena tangu saa tatu. Miguu imechanika. Nageuza mawe, namwokotea Bwana, Mzungu mtafiti aliyeniajiri, makoa wa baharini, vidudu laini visivyo na gamba. Bi Mwanaidi, mchokoa pweza, alinicheka: "We Mnyamwezi, umetoka Tabora kote huko kuja kuokota makamasi?" Nikamwambia Wazungu wanayapenda.

Barua ya mdogo wangu bado mfukoni. Mama haamki kitandani, ananiita. Bwana kasema akishamtambua koa mdogo mweupe anayemtafuta, atanipa ruhusa. Leo nimempata. Mmoja tu. Jumapili treni.

Ijumaa, 8 Mei

Nimeharibu. Nilimtia kwenye spiriti palepale mwambani, kama tufanyavyo kwa konokono. Konokono ana gamba, habadiliki. Koa kajikunja kama punje ya wali, mweupe mtupu. Kumbe wako wa aina mbili, mmoja ana mstari wa njano ukingoni, mwingine hana. Spiriti hula rangi. Bwana kaniuliza kama mstari ulikuwapo. Nikasema sikutazama. Kweli sikutazama, nilikuwa nawaza treni. Ningesema ndiyo, ningeondoka.

Kasema tungoje maji yakauke tena sana. Wiki mbili. Najichukia.

Jumatano, 13 Mei

Maji hayakauki. Nimeosha chupa.

Alhamisi, 21 Mei

Bi Mwanaidi ndiye aliyemwona. "Mwanangu, njoo upesi, kamasi lako hili hapa!" Hakucheka. Anajua habari za mama.

Nilimbeba kwenye kopo la maji ya bahari, mzima. Mstari upo, mwembamba kama uzi. Bwana kapima, kafunua kitabu, kakifunga. Anajulikana zamani, ana jina lake, si mpya kama Bwana alivyotumai. Kaniandikia ruhusa bila kuniangalia.

Ijumaa, 22 Mei

Simu kutoka Tabora. Mama kazikwa juzi. Kwetu udongo wa kwanza hutiwa na mtoto wa kwanza. Katia mdogo wangu.

Jumamosi, 23 Mei

Sikupanda treni. Bwana kasema koa amwagwe. Nikamrudisha mwambani, chini ya jiwe lake, nikakaa namtazama mpaka maji yakanifika magotini.

Mama alikuwa na kovu juu ya jicho. La kulia au la kushoto, nimejaribu kukumbuka tangu asubuhi. Sikumbuki.