Kitambaa cha Mama Koku

Jumatatu, 16 Desemba

Sijamwambia mtu yeyote: ninayechezea mipangilio ya kompyuta ya gemu ni mimi.

Mjomba Revo alinipa kazi nilipomaliza kidato cha nne. Kufagia duka, kutoa kopi, kuchapa barua za watu. Kompyuta ya gemu ni ya wateja, alisema, usiiguse. Nafungua saa moja. Yeye huja saa tatu, akishakamua ng'ombe. Saa mbili zote hizo ni zangu.

Gemu ya mpira inakwama vibaya. Mchezaji anainua mguu, anabaki hivyo hivyo kama kuku kwenye matope. Wateja wanacheka, halafu wanaondoka. Kwenye kona ya skrini nimeweka namba inayoonyesha picha ngapi zinapita kwa sekunde. Zilikuwa 17. Leo nimezima vivuli vya wachezaji. 24.

Nimefurahi mpaka nikasahau kufagia.

Jumanne, 17 Desemba

Nimepunguza ubora wa nyasi na kuondoa watazamaji wote uwanjani. 31!

Mchana Deus wa bodaboda alikaa kucheza. Akatazama majukwaa. "Mjomba, mashabiki wako wapi leo?"

"Wameenda kukamata senene," mjomba akajibu bila kuinua kichwa.

Duka zima lilicheka; msimu huu kila mtu anawinda panzi hao wa kula. Nilijificha nyuma ya mashine ya kopi na kucheka peke yangu.

Lakini baada ya dakika ishirini gemu ilianza kukwama tena. Kila siku ni hivyo. Ikianza ni nzuri, ikichezwa muda inachoka. Sielewi.

Jumatano, 18 Desemba

Siku mbaya. Mjomba amepata mnunuzi wa kompyuta, mtu wa Kayanga. Anakuja Jumamosi. "Imezeeka hii," mjomba alisema. Mahali pake ataweka friji ya soda.

Nilitaka kusema haijazeeka. Nikasema, "Sawa, mjomba."

Najichukia ninaponyamaza. Ikienda, sina kitu kingine ninachokijua vizuri hivi.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimejua.

Kwanza nilikuta kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye skrini, imewekwa kwenye kubana umeme. Nikaiweka kwenye nguvu zote. 45. Nikacheza. Dakika ishirini, ikashuka mpaka 15. Safari hii niliangalia joto la kadi. Nyuzi 91. Nikasoma kwamba kadi ikipata joto sana inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue.

Nikagusa boksi la kompyuta. Pasi kabisa.

Ni kitambaa. Mama Koku, mke wa mjomba, alikifuma mwenyewe duka lilipofunguliwa. Cheupe, maua ya njano, na ndani akashonea kitambaa kingine ili vumbi la barabara lisipite. Kinalifunika boksi juu, pembeni na nyuma. Hakuna anayekiondoa. Huku kwetu redio haikai uchi, televisheni haikai uchi, sembuse kompyuta. Hata mimi nimekuwa nikikinyoosha kila asubuhi baada ya kufagia.

Nilikivua. Nyuzi 68. Picha 58. Nikacheza saa nzima, mpira unateleza kama mafuta. Nilicheza nimesimama.

Halafu nikasikia pikipiki ya mjomba, nikakirudisha. Mjinga mimi. Lakini namwambiaje mtu mzima kwamba zawadi yake ndiyo inayoinyima mashine pumzi?

Ijumaa, 20 Desemba

Sijasema. Nimejaribu mara tatu. Mara ya tatu nilimwomba ruhusa ya kwenda kununua karatasi, na karatasi zipo.

Jumamosi, 21 Desemba

Mnunuzi alikuja saa nne. Mama Koku naye alikuwepo, amemletea mjomba chakula. Deus pia, kuaga kompyuta, eti.

Mnunuzi alicheza muda mrefu. Ikaanza kukwama. Alitikisa kichwa, akataja bei nusu ya waliyopatana. Mjomba alikuwa anakubali. Nilimwona anakubali.

Nikasema, "Shikamoo, mjomba." Nilishamwamkia asubuhi. Ndilo neno pekee lililotoka.

"Leo bubu kasema," Deus akasema.

Sikumjali. Nilikwenda nikakivua kile kitambaa, nikakikunja, nikampa Mama Koku kwa mikono miwili. Nikasema yote nikiwa natazama sakafu. Vivuli, nyasi, umeme, joto. Na kwamba nimekuwa nikiigusa kila asubuhi.

Feni ya ndani ya kompyuta ilikuwa inalia, halafu ikaanza kutulia. Mnunuzi alirudi kwenye gemu. Mchezaji akakimbia uwanja mzima bila kukwama, akafunga. Mnunuzi akasema haraka haraka, "Basi nalipa ile bei ya kwanza."

Nimeitengeneza ili iuzwe.

Mjomba aliitazama skrini muda mrefu. Akanitazama mimi. "Samahani, mgeni wangu," akasema. "Mgonjwa amepona. Hauzwi."

Mama Koku alikishika kitambaa kifuani. Niliogopa uso wake. Kisha akasema, "Kumbe nimemvalisha sweta mtu mwenye homa." Akacheka mpaka akakaa kwenye benchi, na sisi sote tukacheka, hata mnunuzi kidogo.

Mjomba amenipa funguo za droo ya meza ya kompyuta. Kuanzia Jumatatu kuitunza ni kazi yangu.

Jumapili, 22 Desemba

Baada ya ibada mjomba alifungua duka, sisi wawili tu. Mvua nyepesi nje, barabara haina watu. Alitaka nimfundishe kucheza. Anatoa ulimi kila akipiga shuti, na anainamia upande mpira unakokwenda. Aliniuliza kila kitufe mara mbili. Nilimjibu bila kutazama sakafu.

Alinifunga matatu kwa mawili. Sasa yuko kibarazani anamsimulia Mama Koku bao la tatu, anaonyesha kwa mguu.

Kipa wangu nilimsogeza pembeni makusudi. Daftari, hilo usimwambie mtu.