Goli Hufika Buffalo Kwanza

Jumamosi, Oktoba 2015. Louisville. Nje ukungu, ndani chai. Moyo mchangamfu kuliko magoti.

Kwa heshima na taadhima, ndugu, jamaa na majirani wote mnatangaziwa kwamba kebo ya nyumba hii imeiaga dunia. Imeacha rimoti moja, nyaya mbili ambazo hakuna aliyewahi kujua zinakwenda wapi, na baba mmoja wa makamo asiyejua tena kuwasha televisheni yake mwenyewe. Tangazo limechelewa kwa sababu baba huyo alikuwa bado anajifunza.

Ningependa kusema niliikata kwa hekima. Marehemu alikuwa na chaneli mia kadhaa na sisi tulikuwa tunatazama moja, ile ya mpira wa Uingereza. Zilizobaki zilikuwa watu wa kupika, watu wa kuuza vito, na watu wa kugombana. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa na hamu tu ya kujua. Shemeji yangu Dieudonné, mume wa dada yetu, Mkongo wa milimani anayeishi Columbus karibu na chuo kikuu, alikuwa ananihubiria tangu kiangazi.

"Donc shemeji, iko namna hii: unakata kebo, unabakia na intaneti, basi. Mupira unakuja wenyewe."

Mpira unakuja wenyewe! Nani angekataa?

Kurudisha kisanduku cha kebo kulikuwa na mambo yake. Mke wangu, Mama Neema, hakubali chombo cha watu kirudi kwao kitupu. Ukirudisha sufuria ya jirani, unatia kitu. Nikamwambia hii si sufuria, ni mashine, na mwenyewe si jirani, ni kampuni. Akanitazama kama anayetazama mtu aliyelelewa na mbuzi. Basi nikaenda kwenye kaunta na kisanduku kimeviringishwa kitenge, na juu yake mandazi kumi ya moto. Binti wa kaunta alitazama mandazi, akanitazama mimi, akaita msimamizi. Msimamizi akaja, akanusa, akala moja akiwa amesimama. Akaniuliza kama kuna kitu ningependa kulalamikia. Nikasema hapana, tunashukuru tu, tumekaa vizuri na kisanduku chao. Nadhani hawakuwahi kuambiwa hivyo.

Jumamosi ya kwanza binti yangu Neema, ambaye ana miaka kumi na sita na anazungumza nasi kwa Kiingereza kana kwamba Kiswahili kina kodi, alinifungulia kila kitu. Picha ikatokea. Safi! Nikawaza: kumbe maendeleo ni jambo dogo hivi.

Hapa lazima nieleze desturi yetu. Kila Jumamosi asubuhi nyumba tatu zinatazama mpira pamoja kwa simu. Mimi hapa, Dieudonné Columbus, na kaka yangu Elia, ambaye bado ana kebo yake, Buffalo. Tunaunganisha simu, tunaweka spika mezani, na tunapiga kelele. Mimi na Elia tungeweza kutumia Kirundi, lakini Dieudonné angebaki nje, kwa hiyo tunatukana waamuzi kwa Kiswahili. Hatuna desturi nyingine inayotukutanisha wote hivyo.

Na kwa Elia si desturi tu. Mkewe, Dafroza, alifariki majira ya baridi yaliyopita. Watoto wao ni wakubwa na wako mbali. Siku za kazi ukimpigia Elia hapokei, na akipokea anasema amechoka na kiwanda, tutaongea. Jumamosi peke yake ndiyo anaongea. Mimi hupima afya yake kwa sauti anayotumia kumtukana beki wa kushoto.

Basi Jumamosi hiyo ya kwanza tumetulia, timu yetu ina mpira katikati ya uwanja, hakuna linaloendelea, mimi nachovya andazi kwenye chai. Ghafla simu ikalia kama imechomwa.

"GOLIII! Mdogo wangu, umeona? Umeona?"

Sikuona kitu. Kwangu watu walikuwa wanarusha mpira wa pembeni. Nikadhani kaka yangu ameanza kuchanganyikiwa. Kisha, nikiwa bado natafuta maneno ya upole ya kumwambia, goli likaingia kwenye televisheni yangu.

Halafu Dieudonné, kutoka Columbus, akasema taratibu, "Bon. Kwangu bado."

Kumbe alikuwa anajua! Miezi yote hiyo alikuwa anasikia magoli yetu kabla hajayaona, na ananyamaza kama mtu anayekula wali wenye mchanga ugenini. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Ningekwambia, ungekata kweli?"

Sikuwa na hasira. Nilikuwa na swali, na swali hilo lilinifuata hadi kazini Jeffersontown. Goli lililofungwa Uingereza, ambalo kaka yangu ameshaliona Buffalo na mimi bado, kwa muda huo liko wapi? Liko angani? Limelala mahali? Neema alinieleza kwamba picha inakatwa vipande vidogo, inatumwa, kisha inaunganishwa upya huku kwetu. Hapo nikaelewa. Mimi kazi yangu ni kupakia maboksi. Goli linatiwa kwenye boksi, linabandikwa karatasi, linasubiri lori, linafunguliwa mlangoni kwangu. Ndiyo maana linafika limechoka.

Nikataka kupima. Jumamosi ya pili nikapendekeza kipimo, nacho kilikuwa chema ingawa wanasayansi wa chuo kilicho jirani na Dieudonné wasingekubali. Elia akiona mpira umeanza, aanze wimbo wa kwaya, nasi tuimbe naye hadi kila mmoja auone kwake. Sote tumekulia kwenye kwaya, mwendo wa wimbo hauwezi kutudanganya. Refa akapuliza Buffalo, Elia akaanzisha kwa besi yake nzito. Kwangu mpira ulianza ubeti wa kwanza ukiisha. Kwa Dieudonné ulimkuta kwenye ubeti wa pili, baada ya kiitikio kizima. Tulicheka hadi Mama Neema akaja na sauti ya kwanza kusaidia.

Tungeishia hapo ingekuwa siku nzuri.

Lakini siku ile Elia alikuwa nabii wa kila kitu. Kona, kadi, penalti, yote yalitufikia kupitia mdomo wake. Baada ya goli la pili Dieudonné akachoka.

"Kaka Elia, utusamehe, donc, uko unatuharibia mupira. Nyamaza kidogo. Sisi tuko wawili, weye uko peke yako."

Alikuwa anahesabu kura tu, wawili kwa mmoja. Nawajua watu wenye ubaya, Dieudonné si mmoja wao. Nami nikacheka, nikaongeza kwamba Kaka afadhali akate kebo na yeye, tuchelewe wote pamoja. Elia akasema ameshahama vya kutosha maishani, hahami tena, hata kwenye televisheni. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Ni kweli. Niko peke yangu."

Akanyamaza hadi mwisho wa mchezo. Alikuwa mtiifu kabisa. Utiifu huo ndio sikuupenda.

Jumamosi ya tatu hakupokea. Akatuma ujumbe: Niko sawa, tazameni tu. Mimi na Dieudonné tukatazama. Picha nzuri, magoli mawili, yote kwa mshangao kamili kama tulivyotaka. Hata kumtukana beki wa kushoto tulisahau.

Wiki nzima nikampigia Elia. Jumatatu, hakuna. Jumatano, amechoka. Ijumaa, simu imezimwa. Nikiwa kazini nilibandika karatasi za Texas kwenye maboksi ya Ohio, na msimamizi akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia nina kaka.

Leo asubuhi, kabla ya mchezo, nikampigia mfululizo bila kuona haya. Akapokea kwa sauti ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Kaka, nisaidie," nikasema. "Huku intaneti imekufa. Sioni kitu."

"Imekufa vipi?"

"Imekufa tu. Giza."

Nikasikia kitanda kinalia. "Si niliwaambia? Si niliwaambia nyie wawili na mambo yenu?"

Oh, ilikuwa raha kukemewa! Nikasikia slipa zake, nikasikia kebo yake ikiamka, na kelele za uwanja. Nikamwomba anieleze mpira, kila kitu, maana mimi ni kipofu leo.

Alianza vibaya, kama mtu anayesoma karatasi ya dawa. Huyu ana mpira, ametoa, wamerusha. Baada ya muda akapata mwendo. Tulipokuwa watoto kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania, mwenye redio hakutaka watoto uani kwake. Elia, kwa kuwa alikuwa mrefu, alikuwa anaweka sikio juu ya uzio na kunirushia mpira wote mimi niliyekaa chini kwenye vumbi. Nilijua wachezaji wote kwa sauti yake kabla sijajua sura ya hata mmoja. Leo nikafumba macho. Sasa kulikuwa na kochi na chai badala ya vumbi, ila sauti ilikuwa ileile.

Mapumziko hakukata simu. Akasema anachemsha maharage. Akasema bado anapika sufuria ile kubwa, hajui kupika ndogo, na anakula maharage hayohayo hadi Alhamisi. Kisha akasema, kama anayetaja hali ya hewa, kwamba Jumamosi iliyopita hakuwasha hata televisheni. Alikaa tu hapo, mbele yake, hadi jua likageuka.

"Dafroza hakupenda mpira," akasema. "Lakini alikuwa anauliza nani anashinda. Kila saa anauliza. Nilikuwa nakasirika."

Nilisema, "Mimi nitauliza, Kaka." Basi.

Kipindi cha pili Dieudonné akajiunga. Nilikuwa nimemsihi tangu asubuhi asilalamike leo hata akiambiwa mwisho wa dunia kabla haujafika Columbus. Akavumilia vizuri sana, hadi timu yetu ilipofunga.

Goli hilo, kwa mujibu wa Elia, halijapata kutokea. Kijana amechukua mpira nusu ya uwanja. Amempita mmoja. Amempita wa pili, yule amekaa chini kama anayeomba. Wa tatu amegeuka kutafuta mpira kwenye kaptula yake. Kombora! Kipa hakusogea! Mimi nilisimama, mikono juu, nikamwaga chai kwenye zulia.

Tukasubiri ubeti na kiitikio.

"Mais Kaka Elia," akasema Dieudonné, "hao watu watatu wako wapi? Mie naona mupira umegonga goti ya beki yao, ukajiingilia wenyewe."

"Wewe bado hujafika," akasema Elia. "Subiri."

Dieudonné akaanza kucheka, akashindwa kuacha. Elia naye akacheka, kicheko cha puani ambacho sikuwa nimekisikia tangu mazishi. Mimi nikakaa chini kwenye kochi lenye chai. Neema alitoka chumbani kwake kuangalia nani ameumia, akauliza, kwa Kiswahili safi, "Baba, unalia au unacheka?"

Kwa watu wa kanisani kesho nitasema intaneti ilisumbua. Wataelewa, ya kila mtu inasumbua. Lakini hapa kwenye shajara yangu niandike kilichotokea.

Intaneti haikufa. Ilikuwa na nguvu kama ng'ombe dume. Nilichomoa waya mimi mwenyewe, nikauweka mfukoni mwa pajama ili nisije nikajaribiwa, na nikakaa mbele ya televisheni nyeusi mchezo mzima. Mama Neema alinikuta hivyo, akatazama kioo cheusi, akatazama mfuko wangu wenye mkia wa waya unaoning'inia, akaenda zake bila kusema neno. Neema anadhani mashine imeharibika na ameshaniandalia orodha ya makosa yangu. Goli nimelitazama baadaye kwenye simu yake. Ni goti. Goti tupu, bila hata mtu mmoja kupitwa. La Elia ni zuri zaidi.

Tulipokuwa tunaagana, Dieudonné ameshakata, Elia akabaki kwenye simu. Nilisikia kijiko kinagonga sufuria.

"Mdogo wangu," akasema, mzito kama hakimu. "Na Jumamosi ijayo, intaneti yako itakufa saa ngapi?"

Mfuko wa pajama ukawa mzito ghafla.

"Mpira ukianza, Kaka."

"Haya," akasema. "Nitakuwa nimeamka."