Mkono Uliokataa Kukosha

Jumatano, 6 Septemba 1961

Mjukuu wangu Time mjinga. Msichana mzima wa miaka kumi na sita, mafuta ya karafuu kayaweka motoni mpaka yanatoa moshi, ndiyo ananisugulia. Nimemwambia mkono wangu si samaki wa kukaanga. Vidole vya kulia havikunjuki. Maumivu yamepanda hadi begani. Wiki ya tatu sasa.

Huzuni sina. Sina kitu. Nakula, nasali, nalala.

Ijumaa, 8 Septemba

Wameniita nikakoshe maiti, hapa hapa Madungu. Miaka thelathini nakosha wanawake, sijakataa mtu. Leo nimeshika kata ya maji, imeanguka. Wakatazamana. Kakosha mwengine, ovyo ovyo. Mie nimekaa kama gogo.

Uwongo. Nimekataa mmoja. Asha, mdogo wangu, tumbo moja, aliyefia Wambaa. Chama chao si chetu, na tangu uchaguzi hatuzikani. Nilimwambia hivyo mjumbe wao aliyekuja kuniita nikamkoshe, mbele ya watu, kwa sauti. Mkono ulianza siku ile ile, laasiri. Nikasema ni upepo tu umenipiga.

Jumamosi, 9 Septemba

Hospitali. Daktari kaugeuza mkono, kaupiga picha. “Bibi, mifupa yako mizima kuliko yangu.”

“Basi unauma wa nani?”

Kacheka. Mie sikucheka. Kaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hayamhusu. Kanipa vidonge vyeupe. Sinywi.

Jumatatu, 11 Septemba

Kaja Mize, binti wa Asha. Kasimama mlangoni, viatu hakuvua.

“Mama mkubwa, sikuja kwa siasa. Mama aliusia asikoshwe na mtu ila wewe. Tulimweka mpaka jua linataka kuchwa, macho njiani. Basi.”

Kaondoka. Hata maji hakunywa.

Mkono umeuma mpaka nimeng'ata mto. Machozi hayakuja. Nimeyangoja kama ninavyongoja chungu kichemke. Hamna.

Jumanne, 12 Septemba

Kumekucha kimya. Mkono vile vile.

Asha keshakoshwa na mkono wa mgeni, hilo halirudi. Jeuri ilikuwa yangu, si ya chama. Arobaini bado wiki mbili. Sisubiri. Wa kwetu watanisema, wa kwao watanikodolea macho. Wakodoe.

Kesho baada ya alfajiri Time anifunge buibui, vidole vyangu havifungi. Anipeleke Wambaa kwa Mize. Achukue na mkeka. Tusipofunguliwa, atandike nje, tukae.